Utii na Imani ya Mkristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

1. Kumtii Mungu ni nini hasa?

Ni kufanya alichosema kwa sababu ni yeye aliyesema, na kwa sababu unamwona kuwa wa kuaminika. Sehemu zote mbili zinahitajika. Mtu anaweza kutenda jambo jema kwa sababu nyingine kabisa: kuogopa kusengenywa, kulinda cheo, kutafuta sifa. Katika Mathayo 6:1-18 Yesu anataja sadaka, sala na kufunga, mambo mema yote matatu, kisha anasema anayeyafanya ili atazamwe na watu amekwisha kupata malipo yake.

Mfano wa kuutazama kwa karibu ni wa Simoni katika Luka 5:5. Amevua usiku kucha bila kupata kitu, na sasa anaambiwa ashushe nyavu tena. Anaeleza hali ilivyo bila kuficha, halafu anasema kwa neno la Yesu atazishusha. Hakujifanya ana uhakika wa samaki. Alichokuwa nacho ni neno la aliyemtuma, na hilo likatosha kumrudisha kilindini.

2. Tunaokolewa kwa imani au kwa kutii?

Kwa neema, kwa njia ya imani (Waefeso 2:8-9). Aya ya 10, ambayo wengi huiacha wanapokariri hizo mbili, inaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Kwa hiyo utii upo, ila una nafasi yake: unafuata kukubaliwa na Mungu, haununui kukubaliwa huko.

Mpangilio huo unaonekana kwa Ibrahimu. Alimwamini Mungu akahesabiwa haki, yaani akakubaliwa kuwa mwenye haki, katika Mwanzo 15:6. Ishmaeli alizaliwa baada ya hapo, Ibrahimu akiwa na miaka 86 (16:16), na tohara ikaja akiwa na miaka 99 (17:24). Kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa kuna zaidi ya miaka 12, na hoja ya Paulo katika Warumi 4:9-12 inasimama juu ya pengo hilo.

Wakatoliki na Waprotestanti waligombana sana juu ya jambo hili, hasa kuanzia Luther hadi Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipotoa tamko lake la mwaka 1547. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yoyote yetu, na tunapewa Roho Mtakatifu anayetuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Tofauti zimebaki, lakini anayekuambia kwamba Wakatoliki wanafundisha kujinunulia wokovu, au kwamba Walutheri hawajali matendo, hajalisoma.

3. Mbona Yakobo anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo?

Kwa sababu anamjibu mtu mwingine. Paulo anaongea na anayetaka kukubaliwa kwa kutimiza torati. Yakobo anaongea na anayesema ana imani huku ndugu yake akiwa hana nguo wala chakula cha siku, naye anamwambia aende kwa amani akaote moto na kushiba (Yakobo 2:15-16). Imani ya namna hiyo, anasema, hata mashetani wanayo, na wao angalau hutetemeka (2:19).

Ushahidi wake wa pili ni Rahabu (2:25). Rahabu hakulelewa katika torati. Alisikia habari za Mungu wa Israeli akaziamini (Yoshua 2:9-11), na kwa kuwa aliziamini aliwaficha wapelelezi juu ya dari. Angeamini moyoni tu kisha akawakabidhi kwa watu wa mfalme, imani yake ingekuwa kama ya mgonjwa anayemsifu daktari huku dawa zote zingali kwenye pakiti.

4. Amri za Biblia ni nyingi. Zipi zinanihusu?

Marabi huhesabu amri 613 katika torati. Wakristo wa kwanza walilikabili swali hili mapema, na kikao cha Yerusalemu (Matendo 15) kiliamua kwamba waamini wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasilazimishwe kutahiriwa. Mafundisho ya kanisa kwa karne nyingi yamezigawa amri za torati katika mafungu matatu: za maadili, ambazo zinaendelea; za ibada ya hekaluni, ambazo Kristo amezitimiza; na za uendeshaji wa taifa la Israeli, ambazo zilikuwa za taifa lile. Mgawanyo huu si kisu kinachokata kila mahali sawasawa. Suala la Sabato, kwa mfano, bado linawatenganisha Waadventista na walio wengi wanaoabudu Jumapili.

Njia ya kufanya kazi: uliza kama Yesu au mitume wameirudia amri hiyo, wameipanua, au wameiweka kando. Makatazo ya kuua, kuzini na kusema uongo yamerudiwa na kupanuliwa (Mathayo 5:21-37). Makatazo ya vyakula yamewekwa kando (Marko 7:19).

Tahadhari ndogo kwa wanaofundisha watoto: namba za Amri Kumi hutofautiana. “Waheshimu baba yako na mama yako” ni ya nne kwa Wakatoliki na Walutheri, lakini ni ya tano kwa Waanglikana, Waorthodoksi na makanisa ya Kireformati. Ukisema “amri ya tano” bila kuitaja, nusu ya wasikilizaji watafikiria kuua.

## Kutii siku hadi siku

5. Nataka kutii, sijui nianzie wapi.

Anza na lile unalolijua tayari na umeliahirisha. Karibu kila mtu analo moja: deni, ugomvi, uongo uliobaki bila kusahihishwa.

Kisha soma Mathayo 5 hadi 7 kwa vipande vidogo. Sura hizo tatu zina aya 111. Aya kumi kwa siku zinatosha. Kila siku andika tendo moja lenye mtu na siku ndani yake. “Nitakuwa na upendo zaidi” halifanyiki, kwa kuwa hakuna saa litakayokuwa limefanyika. “Jumamosi nitampigia dada yangu kumwomba radhi kwa nilichosema mbele ya watoto” linafanyika au halifanyiki. Mwambie mtu mmoja mnayeaminiana, naye akuulize Jumapili.

Linaloharibu mpango huu mara nyingi ni wingi. Mtu anaandika maazimio tisa, anashindwa saba, anaacha yote. Linalofuata ni kuchagua amri zinazowabana wengine: unasoma juu ya hasira, kichwani inakuja sura ya mumeo.

6. Nilidhulumu mtu. Kutubu kwa Mungu hakutoshi?

Ikiwa unaweza kurudisha, hakutoshi. Walawi 6:1-7 inataka aliyeiba au aliyedhulumu arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka ya hatia. Aliyechukua 100 analipa 120. Zakayo alijitolea kulipa mara nne (Luka 19:8). Hakuna mahali Agano Jipya linapokuwekea kiwango, lakini kurudisha pungufu huku uwezo unao ni kuendelea kudhulumu.

Namna ya kufanya: taja kosa lenyewe (“nilichukua fedha za kikundi mara mbili”), usiseme “kama kuna mahali nimekukosea”. Taja kiasi. Lipa, au andikeni ratiba ya malipo. Usidai kusamehewa hapo hapo. Msamaha ni wake yeye. Kama amefariki, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo kwa jamaa yake wa karibu. Asipokuwepo, yanakuwa ya Bwana, na leo wengi hutoa kwa maskini.

Kuna ungamo linalohitaji ushauri kwanza, kwa mfano likiweza kumhatarisha mtu wa tatu. Muone padre, mchungaji au mzee mwenye busara kabla ya kufungua mdomo. Lakini kosa lililomdhuru mtoto halimalizwi ofisini kwa mchungaji. Linapelekwa kwa vyombo vya sheria.

7. Nikitii bila kujisikia, si unafiki?

Hapana. Unafiki ni kuonyesha usichokuwa nacho ili usifiwe. Kufanya lililo sawa huku moyo unasita ni jambo jingine, na katika Mathayo 21:28-31 mwana aliyesema “sitaki” kisha akaenda shambani ndiye aliyefanya mapenzi ya baba yake. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba mara tatu kikombe kimwepuke (Mathayo 26:39-44).

Hata hivyo, ukavu ukidumu miaka, uchunguze. Ndugu mkubwa katika Luka 15:29 hakuwahi kuvunja amri ya baba yake, na bado hakutaka kuingia ndani. Yona alifika Ninawi na kuhubiri kama alivyoagizwa, kisha akakasirika watu wa mji waliponusurika. Tatizo la hawa wawili halikuwa uvivu. Hawakukubaliana na huruma ya waliyekuwa wakimtii.

8. Utii wa nusu unahesabika?

Soma 1 Samweli 15 polepole. Sauli, mfalme wa Israeli, anaagizwa asiache chochote cha Waamaleki. Anamwacha mfalme wao Agagi hai pamoja na kondoo na ng’ombe wazuri, anateketeza vilivyo duni, kisha anampokea nabii Samweli kwa maneno kwamba ametimiza amri ya Bwana (aya ya 13). Samweli anauliza: basi huu mlio wa kondoo masikioni mwangu ni wa nini?

Hapo zinaanza sababu. Kwanza, watu ndio walioacha mifugo. Pili, wameiacha kwa nia njema, itolewe dhabihu. Tatu, baada ya kubanwa, ukweli: aliwaogopa watu, akatii sauti yao (aya ya 24). Na akiisha kuungama, ombi lake ni kwamba Samweli amheshimu mbele ya wazee (aya ya 30). Ndani ya jibu la Samweli ndimo yalimo maneno maarufu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, aya ya 22, ambayo mara nyingi hutumiwa kudai utii kwa kiongozi. Katika sura yenyewe anayekemewa ndiye kiongozi.

(Amri ile ya vita ni mjadala mzito wa peke yake, na haimwagizi Mkristo yeyote leo kumshambulia mtu.)

Utii wa nusu una dalili moja inayoutofautisha na kushindwa kwa kawaida: umechagua wewe nusu ipi, na nusu iliyobaki ina faida kwako. Aliyejaribu yote akaanguka asome swali la 9.

9. Naanguka dhambi ile ile kila mara. Je, sina imani?

Anayesema hana dhambi anajidanganya, na anayeungama husamehewa (1 Yohana 1:8-9). Barua hiyo iliandikiwa waamini. Kuumia kwa sababu umeanguka si dalili ya kukosa imani.

Lakini kuungama peke yake bila kubadilisha njia ya kufikia dhambi ni kujipanga kurudia. Rudi nyuma: kabla ya kuanguka ulikuwa wapi, saa ngapi, na nani, na simu au fedha ilikuwa wapi? Kata hapo, si mwishoni. Inuka siku ile ile. Anayengoja Jumapili huwa anaongeza siku nne za “nimeshaharibu, basi”. Kama ni pombe au dawa za kulevya, tafuta pia tiba ya hospitali, maana mwili unaotegemea kileo ukikatishwa ghafla unaweza kupata hatari ya kufa.

10. Nikitii, nitafanikiwa?

Si lazima. Baraka za Kumbukumbu la Torati 28 ziliahidiwa taifa la Israeli ndani ya agano lake. Orodha ya mashujaa wa imani katika Waebrania 11 inawataja walioshinda falme, na kuanzia katikati ya aya ya 35 inawataja waliopigwa, waliofungwa na waliokatwa kwa misumeno, kwa imani ile ile. Shadraka, Meshaki na Abednego walisema Mungu aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu (Danieli 3:17-18).

Anayekuahidi kiasi fulani cha fedha ukitii agizo lake la kutoa anafanya biashara.

## Kuwatii watu

11. Mchungaji anasema nisipomtii namwasi Mungu. Ni kweli?

Waebrania 13:17 inasema watiini wanaowaongoza, na hilo lisifutwe. Kanisa ambalo kila mtu anajiongoza halidumu. Lakini aya ile ile inasema viongozi watatoa hesabu, na 1 Petro 5:3 inawakataza kujifanya mabwana. Mamlaka yao yanakwenda hadi pale Neno linapokwenda. Mchungaji anaweza kukuambia uache uzinzi. Hawezi kukuamuru uuze kiwanja, uache dawa, uoe fulani au usiongee na wazazi wako.

Kauli ya “usimguse mpakwa mafuta” inatoka Zaburi 105:15. Aya za 9 hadi 14 zinaonyesha wapakwa mafuta hao ni akina nani: Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni wanaotangatanga, na wanaoonywa ni wafalme. Zaburi hiyo inamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Daudi naye alikataa kumuua Sauli, lakini alimweleza makosa yake kwa sauti mbele ya majeshi (1 Samweli 24) na hakurudi kukaa karibu na mkuki ambao Sauli alikuwa amemrushia. Nathani alimkemea Daudi usoni. Paulo alimpinga Petro mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14).

Ukiwa na shaka na agizo: liombe kwa maandishi au mbele ya shahidi, ulinganishe na Maandiko kama watu wa Beroya (Matendo 17:11), umuulize mwenyewe faraghani, kisha wazee. Mashtaka dhidi ya mzee yanahitaji mashahidi wawili au watatu, na akithibitika ametenda dhambi anakemewa mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Ukikatazwa hata kuuliza, umeshapata jibu.

12. Mume akinipiga, utii unanitaka nivumilie?

Hapana. Waefeso 5 inatanguliza kunyenyekeana (aya ya 21), inampa mke aya tatu, kisha inamwagiza mume kwa aya nane na zaidi ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Anayepiga ndiye aliyekwisha kuasi sura hiyo. Kuondoka ukawe salama pamoja na watoto, kwenda hospitali na kutoa taarifa polisi si dhambi. Suala la hatima ya ndoa lina wakati wake, usalama unatangulia.

13. Mtu mzima anapaswa kuwatii wazazi?

Mtoto anatii (Waefeso 6:1). Mtu mzima anaheshimu, na heshima ina gharama: katika Marko 7:9-13 Yesu anawalaumu waliotumia nadhiri ya Korbani (kutangaza mali kuwa wakfu kwa Mungu) kukwepa kuwatunza wazazi. Sikiliza ushauri wao, wasaidie, usiwatukane. Lakini wakikuamuru kutenda dhambi au kumkana Kristo, kataa kwa adabu.

14. Na serikali?

Lipa kodi, fuata sheria, heshimu wenye mamlaka (Warumi 13:1-7). Mpaka ni pale inapokuamuru ufanye alichokataza Mungu au inapokukataza alichoamuru. Wakunga Shifra na Pua walikataa kuua watoto (Kutoka 1:17). Danieli aliendelea kusali ingawa mfalme alikataza. Mitume walisema yawapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29). Mei 1934 huko Barmen, Waprotestanti wa Ujerumani waliopinga kanisa kumezwa na utawala wa Hitler walitangaza kwamba dola haina haki ya kutawala maisha yote ya mwanadamu.

Mitume walipokataa hawakupigana, na viboko walivipokea (5:40-41). Sheria inayokukera tu, au kodi unayoiona kubwa, haiingii hapa.

15. Watawa wenye nadhiri ya utii wanatii chochote?

La. Kanuni ya 601 ya Sheria za Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inawafunga kwa wakubwa wao wanapoamuru kulingana na katiba za shirika. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, ina sura nzima, ya 68, kwa ndugu anayeagizwa jambo lisilowezekana: apokee kwa upole, na mzigo ukimzidi amweleze mkubwa wake sababu, kwa subira na wakati unaofaa.

## Mambo magumu

16. Nabii ameniambia Mungu anataka nifanye jambo ambalo dhamiri yangu inakataa.

Usilifanye. Katika 1 Wafalme 13 mtu wa Mungu ameagizwa asile wala asinywe Betheli. Anamkatalia mfalme anayemwalika mezani bila shida. Kisha anakuja nabii mzee, anadai malaika amemwambia vingine, na mtu wa Mungu anarudi kula. Njiani simba anamuua. Nabii mzee alikuwa amemdanganya (aya ya 18), na hilo halikumwokoa. Kishawishi cha mfalme kilijulikana ni kishawishi. Cha mtumishi mwenzake kilikuja na jina la Bwana.

Ujumbe wa kweli hauna haraka ya kukataza upimwe (1 Wathesalonike 5:20-21). Mwenye ujumbe akidai uamue leo, bila kumwambia mtu, na yeye mwenyewe akanufaika, mkatalie.

17. Niliweka nadhiri, sasa naona kuitimiza ni dhambi.

Nadhiri ya kutenda dhambi haifungi. Herode alimuua Yohana Mbatizaji kwa ajili ya kiapo chake na kwa ajili ya wageni waliokuwa mezani (Marko 6:26). Angepaswa kuvunja kiapo na kuaibika. Ungama kuwa uliweka nadhiri kwa pupa, basi.

Nadhiri iliyo halali lakini imekuwa ngumu ni suala tofauti. Zaburi 15:4 inamsifu anayeapa kwa hasara yake asibadili. Hata hivyo, kwa Wakatoliki kiongozi mwenye mamlaka anaweza kuiondoa au kuibadilisha, na katika makanisa mengine zungumza na wazee kabla ya kujiamulia.

18. Mkristo mwenzangu anaona jambo ni dhambi, mimi sioni. Nani anatii?

Kama Maandiko hayajalitaja waziwazi, huenda ninyi nyote wawili. Warumi 14 inashughulikia vyakula na siku: anayekula asimdharau asiyekula, asiyekula asimhukumu anayekula. Lakini anayetenda huku anashuku kwamba anakosa, amekosa, hata kama jambo lenyewe si kosa (14:23). Kwa hiyo usimshinikize mwenzako akuige kabla hajasadiki. Kama chakula chako au kinywaji chako kinamwangusha, kiache anapokuwepo. Hulazimiki kukiacha nyumbani kwako wala kukubali kwamba ni haramu.